Hakuna Aliyelalamika Mara Mbili

Inspekta Timothée Mbuyu aliyatambua meno kabla hajamtambua aliyeyavaa. Yalikuwa yanatafuna mbuzi kwenye meza ya mwisho ya chumba cha kulia cha Salema, meupe, yamejipanga kama wanafunzi mbele ya bendera, makubwa kuliko mdomo ulioyabeba. Kila yakikutana yalilia ka, kama mlango wa kabati.

Kamina nzima iliyajua meno yale. Papa Tshilumba, dereva wa treni mstaafu, alitengenezewa enzi zile reli ilipokuwa bado na daktari wake wa meno, na tangu hapo alitabasamu hata misibani ili watu wasije wakasahau.

Sasa Papa Tshilumba alikuwa amelazwa Luena, mji mwingine wa reli, chini ya shuka, mdomo umeingia ndani kama mfuko wa suruali. Habari ilikuja jana kwa foni, ile redio ya kituo inayokohoa kuliko inavyosema: mzee amekutwa amekufa ndani ya behewa tupu la mizigo. Hana jeraha. Hana meno. Kavaa koti la Jumapili, vifungo vyote mpaka shingoni. Mlango wa behewa umekomewa kwa nje. Joto na kiu vilimaliza kazi, vikamwachia polisi karatasi tu.

Mbuyu akavuta kiti, akakaa mkabala na yale meno.

"Papa Jéthro, mbuzi iko muzuri?"

"Iko nguvu, mutoto yangu. Mais leo minyi niko na silaha."

"Nani alikupatia ile silaha?"

Papa Jéthro akaacha kutafuna. Alikuwa mwalimu zamani, na bado alikuwa na lile jicho la kumtazama mtu kama daftari chafu. "Weye uko polisi ao uko dentiste?"

"Leo niko yote mbili."

"Bon." Mzee akameza kwanza, nyama haikuja Salema kila wiki, na polisi hawajawahi kuirudisha ikishaondoka. "Ilikuwa mu kopo, chini ya mto ya Tshilumba. Asubui naenda kumwamsha, kitanda iko wazi. Naangalia kopo, meno iko nanicheka. Nikangojea atume muntu. Hakutuma. Leo basoda bamechinja mbuzi, balitupatia mifupa. Nikasema, hata meno iko na njaa."

"Aliwaaga?"

"Tshilumba?" Mzee akatoa mfupa mdomoni, akautazama. "Ule muntu aliaga hata akienda ku choo."

Salema ilikuwa nyumba ya wazee iliyojengwa na familia za mji, siku mji ulipokuwa na kitu cha kujengea. Ilikuwa na safu mbili za vyumba na uwanja katikati. Vita ilikuwa kaskazini, na kila kitu kizuri kilikuwa kimeelekea huko isipokuwa maafisa wa jeshi, ambao walikuwa wameelekea Kamina. Safu yenye bati zima ilikaliwa na maafisa, wake zao na magunia yao. Wazee walikuwa wamesogezwa kwenye safu ya pili, iliyokuwa zamani ya kufulia nguo, ambapo mvua ilinyesha ndani kidogo tu chini ya ilivyonyesha nje.

"Basoda njo balimubeba?" Mbuyu akauliza habari ya askari kwa sauti ya chini.

"Basoda bako naishi hapa. Kila siku bako nabeba kintu."

"Papa Jéthro."

"Minyi nasinzia sawa jiwe, Inspekta. Jiwe haione."

"Na juu ya vile munalala mu maji, mulisha kulalamika? Kuko Madamu Talitha. Ile kamati, Sauti ya Wazee. Kazi yake njo ile."

"Kuko."

"Weye ulishamwambia kintu?"

"Minyi?" Papa Jéthro akacheka mpaka meno ya marehemu yakataka kutoka yenyewe, akayawahi kwa kiganja. "Minyi niko muzee. Haina kusema niko mujinga."

Meza nzima ikacheka. Kisha ikanyamaza kwa pamoja, kama redio iliyozimwa, maana mlangoni alikuwa amesimama Papa Marc, msimamizi wa nyumba, anatabasamu na kupangusa mikono.

*

Papa Marc alikuwa mtu mwenye sauti ya sabuni. Alimpeleka inspekta barazani, akampa kiti kizuri, yeye akachukua kibovu, akalia kidogo kwa ajili ya Tshilumba, akajifuta, akawa tayari.

"Alikuya kuchukuliwa na mwipwa wake, Inspekta. Kijana wa heshima, wa Luena. Minyi mwenyewe nilimubariki."

"Jina ya ule mwipwa?"

"Mbiya."

"Mbiya nani?"

"Alisema tu Mbiya. Siye hapa hatuulizake bantu sawa polisi." Akacheka kwa adabu.

"Papa Marc, muzee Tshilumba alikuwa muntu ya Kasai. Bandugu yake bote balifukuzwa miaka ile ya kufukuza bantu ya Kasai huku, balipanda treni ya Mwene-Ditu. Yeye alibakia pa gare juu miguu haikuweza kupanda vago. Kila muntu anajua. Alikuwa anasema mwenyewe: nilipeleka treni maisha mzima, siku yangu ikaniacha."

"Kuko bale balirudia, Inspekta. Mungu iko na rehema."

Hapo Papa Marc alikuwa amesema kweli. Wapo waliorudi kimyakimya, mmoja Luena, mwingine Kabongo, wakafungua vibanda vyao upya kama vile walikuwa wametoka kidogo kununua chumvi. Mpwa huyo, Mbiya, angeweza kuwapo. Mbuyu akaupima uongo ule na kuuona umeshonwa vizuri, pindo na kila kitu.

"Alikuja saa ya mchana?"

"Mchana kweupe. Muzee alivaa koti yake mwenyewe, akachukua bintu byake, akaaga muntu kwa muntu. Balilia!" Papa Marc akanyoosha kidole juu ya mlango, pale palipopigiliwa kibao chenye maandishi ya rangi: SAUTI YA WAZEE – TUNASIKIA. "Na ukitaka kujua namna bazee banaishi hapa, haina minyi wa kuuliza. Uliza Madamu. Ile kamati iko inafanya kazi, Inspekta. Bale bazungu balikuyaka kuifundisha mbele vita haijaanza, balikimbia, kamati haikukimbia. Hapa malalamiko yote inaisha."

Mbuyu akashukuru. Alipopita uwanjani kuchukua baiskeli yake, askari mmoja alikuwa anaosha gari la jeshi kwa maji ya kunywa ya wazee. Inspekta akamtazama askari, akatazama gari, akatazama barabara ya gare, ile ya kwenda stesheni.

Alikuja Salema asubuhi ile akiwa na hakika ni askari. Mzee wa Kasai, wakati wa vita, ndani ya ua wenye maafisa, haihitaji elimu. Mtu anasema "mpelelezi wa adui," na mtu anapotea. Lakini sasa, akikanyaga pedali kwenye mchanga mwekundu, ile hakika ilianza kumtoka kama upepo wa gurudumu lake la nyuma. Askari akija kukuchukua, hakuvalishi koti la Jumapili. Hakufungi kifungo cha shingoni. Aliyefanya vile alitaka watu wa gare waone msafiri, mzee wa heshima anayelala safarini. Alijua koti lilipotundikwa. Lakini hakujua kuwa mwenye koti hulala meno yakiwa chini ya mto. Kila mzee wa safu ile aliyajua mambo ya kopo. Wanawake wa kuosha walijua. Kwa hiyo ni mtu wa nyumba ile, mwenye kuingia popote, ambaye kwa muda wote aliokaa nao hajawahi hata siku moja kumwamsha mzee mmoja.

Mtu wa namna hiyo Salema alikuwa mmoja, naye ndiye aliyemkalisha kwenye kiti kizuri.

Kumjua mkosaji ni nusu ya kazi, na katika Kamina ya mwaka ule ilikuwa nusu rahisi. Ilibaki kumpata mtu wa kumtaja. Mbuyu akakata kona kuelekea kwa Madamu Talitha.

*

Madamu Talitha alikuwa anakunja nguo za kwaya. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya Wamethodisti, mama mrefu, mnyoofu wa mgongo na wa kila kitu, na beji ya kamati aliivaa hata nyumbani, ubavuni mwa titi la kushoto, kama askari mwenye medali ya vita aliyoshinda.

"Karibu, Inspekta. Umekuya juu ya Papa Tshilumba. Nilisikia. Ile mwipwa aliachaka muzee peke yake mu vago? Vijana ya leo!"

"Weye ulimuona ule mwipwa, Madamu?"

"Hapana. Papa Marc alinielezea."

"Tshilumba alishaleta malalamiko kwenu?"

"Alileta, ndiyo." Akaweka nguo chini, akakaa, mikono magotini, kama mtu aliyeulizwa somo analolipenda. "Alisema vyumba byenye bati muzuri bimepangishwa kwa basoda, na bazee bako naloa. Alisema Papa Marc njo anakula ile feza. Alisema maneno kali. Nikamwambia, Papa, asante, minyi nitaishugulikia. Na niliishugulikia ile wiki yenyewe."

"Namna gani?"

"Namna yetu. Bale bazungu balitufundisha tuandike, tupeleke mbali, ku Lubumbashi, kwa bantu hatujui. Siye tukasema hapana. Ile njo kusengenya. Kwetu, mama yangu alinilea hivi, na kanisa vilevile: haumuseme muntu mu mugongo. Akikosa, unamwendea mbele yeye mwenyewe. Weye na yeye, peke yenu babili. Unamwambia: ndugu, fulani amelalamika juu yako, juu ya kintu hiki na hiki. Unamupa nafasi ya kutubu."

Mbuyu alikuwa ametoa kalamu. Hakuandika.

"Unamwambia na jina? Ya ule mwenye kulalamika?"

"Sasa bila jina inakuwa nini, Inspekta? Inakuwa uchawi. Muntu anashitakiwa na kivuli?" Akatabasamu, akamsamehe kwa kutojua. "Na Papa Marc iko na moyo laini. Kila mara analia. Tunapiga magoti bote babili. Kisha ile shida inaisha kabisa. Miaka hii yote, hakuna muzee aliyelalamika mara mbili."

Nje mvua ilianza, kwanza moja moja juu ya bati, kisha yote. Mbuyu akangoja kelele ipungue. Haikupungua, akainua sauti.

"Madamu, nitajie mwengine mwenye alilalamika. Mwenye alitangulia Tshilumba."

"Mama Florentine. Juu ya blanketi."

"Na blanketi ilirudi?"

"Alikufa na homa ile mwezi, maskini. Mais hakulalamika tena."

"Mwengine."

"Papa Seth. Juu ya chakula. Bandugu yake balimuchukua, balimupeleka Kabongo."

"Uliwaona bale bandugu?"

"Papa Marc alini…"

Akaishia hapo. Mbuyu hakumsaidia. Alikuwa amehoji wezi, askari na mchungaji mmoja, akajifunza kwamba kuna mahali katika mahojiano ambapo ukiongeza neno unampa mtu kamba ya kutokea. Akatazama nguo za kwaya. Madamu Talitha naye akazitazama. Akachukua moja iliyokwisha kukunjwa, akaikunjua, akaanza kuikunja tena.

"Inspekta, weye uko nasema nini?"

"Sisemi kintu. Niko nauliza. Hii wiki, kuko mwenye amelalamika?"

Mikono yake ikasimama.

"Mama Kabedi," akasema.

Mbuyu alimfahamu Mama Kabedi: kibibi cha Kasai, mfupi, mwenye ulimi, aliyeuza mafuta ya mawese sokoni mpaka mwaka wa kufukuzana, akabaki kwa sababu siku ile alijificha kwenye pipa lake mwenyewe.

"Alisema nini?"

"Alisema hakuna mwipwa. Alisema alienda ku choo asubui sana, akaona Papa Marc na sentineli bako nasukuma Tshilumba mu buruweti ya kubebea mchanga, amevaa koti, kichwa iko nacheza sawa ya mulevi. Alisema balimupatia dawa ya kulala. Alisema…" Sauti ikapungua. "Nilimukaripia. Nikasema ile ni neno kubwa, Mama, haiwezi kusemwa mu mugongo."

"Madamu. Ulishaenda kwa Papa Marc?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa mikono miwili.

"Asubui ya leo," akasema Madamu Talitha. "Mbele nianze kukunja nguo. Alilia, Inspekta. Alilia sana. Tulipiga magoti."

Mbuyu alikuwa amekwisha kupita mlangoni. Kofia yake ilibaki kwenye kiti.

*

Baiskeli na mvua na mchanga wa Kamina ni ndugu watatu wasiopatana. Mara mbili inspekta alishuka na kuibeba yeye, maana yenyewe ilikuwa imekataa kumbeba. Alifika Salema amelowa kama samaki wa Malemba-Nkulu, akaisukumia baiskeli ukutani, akaingia uwanjani.

Mama Kabedi alikuwapo. Alikuwa hai, amekaa kwenye kigoda barazani mwa safu mbovu, amevaa kitenge chake cha sikukuu, kichwani kitambaa kipya. Miguuni mwake palikuwa na furushi: sufuria, sahani, shuka, vyote vimefungwa kwa nguo na kupigwa mafundo manne yaliyokazwa kwa nguvu ya mwanamume. Wazee wengine walikuwa wamekaa mbali naye kidogo, si mbali sana, kama watu wanavyokaa na mgonjwa wa kifua.

"Moyo, Mama Kabedi," Mbuyu akamsalimia kwa salamu ya kwao.

"Moyo, tatu," akaitika, akimwita baba kwa lugha yake. "Umenawa na nguo?" Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Polisi ya leo iko safi."

"Unasafiri wapi?"

"Balisema mwipwa yangu anakuya kunichukua." Uso wake haukubadilika hata mstari. "Na minyi nilizaliwa peke yangu mu tumbo ya mama. Mungu iko na maajabu. Anazalisha baipwa bila bandugu."

Mbuyu akachuchumaa, akaleta mdomo karibu. Upande wa pili wa uwanja Papa Marc alikuwa ametokea mlangoni kwake, hakuja. Alisimama tu, anapangusa mikono.

"Mama, nisikilize. Najua kile uliona. Sema mbele yangu, niandike, minyi namufunga leo."

"Unamufunga wapi?"

"Ku kashoti, ku kituo."

"Mpaka siku gani?"

Mwezi uliopita Mbuyu alimfunga mwuza petroli ya jeshi asubuhi. Jioni alikuwa akitembea kwa miguu kurudi nyumbani, mtuhumiwa akampita na gari, akampigia honi, akamwuliza kama anataka kusogezwa. Safu nzima ile ya bati zuri ilikuwa na maafisa wanaolala kwa Papa Marc. Na maelezo ya shahidi, kwa sheria, husomwa mbele ya mshtakiwa, jina na kila neno. Sheria ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na sheria ya Madamu Talitha, ukizivua nguo, zilikuwa mapacha.

"Basi twende kwangu," akasema. "Bibi yangu atakupokea. Kuko kitanda."

"Muzuri." Mama Kabedi akampiga begani kidogo, kama mtoto aliyeleta maji bila kutumwa. "Na kesho bakikutuma Malemba-Nkulu kule kwenye kupigana, bibi yako atabakia na minyi, muluba-kasai, mu kartie ile balituchomea manyumba. Atasema nini kwa bajirani? Mais tuseme inawezekana. Jéthro je? Bale je?" Akaonyesha baraza kwa kidevu. "Uko na bitanda bya siye bote?"

"Hapana, Mama."

"Njo vile. Minyi nilisema na ule Madamu juu nilifikiri maneno yake inaendaka mbali. Kumbe inavuka uwanja tu." Kisha akasema polepole, kila neno likiwekwa mahali pake: "Uniulize tena. Na nguvu. Asikie."

Inspekta Mbuyu aliuelewa mpango ule kabla haujakwisha kusemwa, na akaona kwamba haukuwa na tundu: shahidi asiyeona kitu hahitaji kusafirishwa na mwipwa. Ulikuwa bora kuliko wake. Akasimama. Akatoa karatasi, ikaanza kulowa papo hapo. Akamwita Papa Marc, akamwomba asogee, kwa heshima, awe msikilizaji.

Papa Marc akavuka uwanja chini ya mwavuli.

"Mama Kabedi," Mbuyu akasema kwa sauti ya kituoni, iliyofika mpaka safu ya maafisa, "nimeambiwa macho yako haione muzuri. Njo kweli?"

"Kweli kabisa, Inspekta. Iko na ukungu. Hata weye nakuona sawa muti."

"Asubui ile Papa Tshilumba alitoka, uliona nini?"

"Minyi? Giza tu. Kisha nikaota ndoto. Nikafikiri ndoto ni macho. Uzee, Inspekta. Nilisema maneno ya ndoto kwa Madamu, nikamusumbua bure."

"Haukuona muntu."

"Sikuone muntu. Papa Marc ni baba yetu hapa. Tunakula, tunalala. Malalamiko haina."

Mbuyu aliandika: hakuona. Wino ulitapakaa, lakini neno lilisomeka. Alipogeuka kwa wazee wengine na kuwauliza kama kuna mwenye la kuongeza, Papa Jéthro aliangalia mvua, na mdomo wake ulikuwa umefungwa juu ya meno yale kama kaburi. Wengine wakaitazama naye. Mama Kabedi alitia kidole gumba. Papa Marc, kama msikilizaji, alitia sahihi nzuri yenye mkia.

"Basi Inspekta," akasema kwa upole, "sasa ule mwipwa, Mbiya. Mutamutafuta?"

"Tutamutafuta," Mbuyu akasema.

"Mungu akusaidie."

Wakabaki wamesimama watatu, na furushi katikati. Mama Kabedi hakulitazama. Alimtazama Papa Marc usoni, kwa yale macho yake yenye ukungu, akitabasamu kama mwuza mafuta aliyemaliza kutaja bei na sasa anamngoja mteja.

"Papa Marc," akasema. "Minyi mukono yangu haina nguvu. Bintu byangu bimefungwa sana. Unifungulie."

Papa Marc aliutazama uso wa bibi kizee, kisha akatazama karatasi mkononi mwa inspekta. Akafunga mwavuli, akauegemeza ukutani. Akapiga goti moja, halafu la pili, kwenye saruji iliyolowa, akaanza kufungua fundo la kwanza.

Ndipo Madamu Talitha alipoingia getini, mbio, hana mwavuli, hana viatu, kofia ya inspekta ameikumbatia kifuani juu ya beji. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kuona maiti. Akasimama. Akamwona Mama Kabedi mzima kwenye kigoda chake, na Papa Marc amepiga magoti mbele yake, kichwa kimeinama, mikono inafanya kazi.

Mbuyu alimwona akikitazama kitu kile, akamwona akichagua cha kuamini.

"Mumepatana," Madamu Talitha akasema. Machozi yakamwagika, yakachanganyika na mvua. "Mumepatana! Bwana asifiwe. Unaona, Inspekta? Uso kwa uso. Unaona?"

Akamwangalia Mbuyu, na macho yake yalikuwa yanamwomba neno moja tu, ndiyo au siyo, na yalikuwa yanaliogopa. Mbuyu alinyoosha mkono, akachukua kofia yake.

"Naona, Madamu," akasema.

Basi Madamu Talitha akaanzisha wimbo, ule wa kumaliza ibada, kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni kisha ikashika. Barazani wazee wakaitikia mmoja mmoja, maana walikuwa wamelelewa hivyo, wimbo ukianzishwa hauachiwi mtu peke yake. Papa Marc aliimba akiwa magotini, kwa sauti yake ya sabuni, akihangaika na fundo la tatu. Mama Kabedi aliimba kuliko wote, kichwa juu, anapiga makofi, na macho yake hayakutoka kwenye vidole vile mpaka fundo la nne lilipolegea na sufuria yake ikaonekana.